Uhamisho wa mkazo wa tetemeko

Uhamisho wa mkazo wa tetemeko ni mchakato ambao tetemeko kubwa la ardhi, kwa kuteleza kwa miamba kwenye ufa mmoja, hubadilisha mkazo, yaani nguvu inayobana au kusukuma miamba, katika nyufa jirani, na hivyo kuongeza au kupunguza uwezekano wa nyufa hizo kuteleza nazo. Hukadiriwa kwa kanuni iliyotokana na kazi za Mfaransa Charles-Augustin de Coulomb (1736–1806): ufa hukaribia kuteleza msukumo wa kando unapozidi, au mbano unaoushikilia unapolegea. Badiliko lenyewe mara nyingi ni dogo kuliko kanieneo ya hewa, lakini hutosha kuchochea ufa uliokwisha kufikia ukingoni. Sehemu nyingine hupungukiwa mkazo na kutulia.

Katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa, tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la ukubwa wa 5.9 kaskazini ya mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, lilifuatwa saa tatu na zaidi baadaye na lingine la 5.0 upande wa Rwanda. Mfuatano huo unaafikiana na uhamisho wa mkazo, ingawa peke yake hauuthibitishi. La hakika, na la uzito zaidi kwa wakazi, ni kwamba ukuta wa matofali uliopasuka katika mtikisiko wa kwanza unaweza kuangushwa na wa pili ulio dhaifu zaidi.

Kisangani, mji ulio mamia ya kilomita magharibi ya nyufa za bonde hilo, hauguswi kwa kiasi cha maana, kwa kuwa mkazo unaohamishwa hufifia upesi kadiri umbali unavyoongezeka.