Namba ya kijani: watu wangapi wanahitajika ili simu ipokelewe?

Maji yakipanda, kipindupindu kikizuka ao risasi zikisikika, tangazo linapita redioni: ita namba hii, ni ya bure. Watu wanaita. Simu inalia, inalia, inakatika. Mwenye kuita mara tatu bila jibu anasema ni uongo wa watu wa miradi, na siku ingine haiti tena, hata kama ana mgonjwa ndani ya nyumba.

Mara nyingi si uvivu wa wale wanaoshika simu. Ni hesabu iliyokosewa siku ya kupanga kazi, ao haikufanywa kabisa: bajeti inasema watu wanne, basi wanaandikwa wanne.

Hesabu yenyewe ni ya zamani. Agner Krarup Erlang, mtaalamu wa hesabu wa Denmark, alifanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, wakati laini zilikuwa zinaunganishwa kwa mikono. Alichapisha andiko lake la kwanza juu ya jambo hili mwaka wa 1909, na mwaka wa 1917 akatoa kanuni zinazotumiwa mpaka leo. Jina lake limekuwa kipimo: kazi ya simu inayojaza mtu mmoja lisaa lizima bila kupumua inaitwa erlang moja. Leo tablo ya Excel inatosha kuifanya, hata kwenye kompyuta ya zamani ya ofisi.

Kosa la kwanza ni kuhesabu kwa siku. Simu 480 kwa masaa 12 ni 20 kwa kila nusu saa, lakini hazikuji hivyo. Tangazo likipita redioni zinamiminika, alafu kimya. Ndiyo maana kila mstari wa tablo unapaswa kuwa nusu saa moja: safu ya kwanza saa, ya pili idadi ya simu, ya tatu dakika za simu moja, pamoja na muda wa kuandika yale yaliyosemwa.

Tuseme nusu saa moja ina simu 30, kila moja dakika 4. Ni dakika 120 za kazi. Ukigawanya kwa 30 unapata 4. Katika Excel: =B2*C2/30.

Hapo ndipo wengi wanasimama: kazi ya watu 4, basi watu 4. Lakini simu hazikuji moja baada ya ingine kama wanafunzi kwenye mstari. Tatu zinaingia pamoja, kisha dakika mbili hakuna kitu, na ile dakika iliyopotea hairudi. Kwa watu 4 foleni inazidi kurefuka tu. Kwa watu 5, zaidi ya nusu ya wanaoita watangoja, na kwa wastani kila anayeita anangoja dakika 2 na sekunde 13. Kwa 6 wastani unashuka mpaka sekunde 34, kwa 7 sekunde 11. Mtu mmoja tu, yule wa sita, anapunguza kungoja karibu mara nne.

Kwa mwenye Excel ya Kifaransa, kanuni ya Erlang inaandikwa hivi, kwa kazi ya 4 na watu 6:

=LOI.POISSON(6;4;FAUX)/(LOI.POISSON(6;4;FAUX)+(1-4/6)*LOI.POISSON(5;4;VRAI))

Jibu ni karibu 0,285: katika watu 100 wanaoita, 28 ao 29 watangoja. Makampuni mengi yanajiwekea lengo la kupokea simu 80 kati ya 100 ndani ya sekunde 20. Ni mazoea, si sheria. Kwa mfano wetu, watu 6 wanafikia 76, watu 7 wanafikia 89.

Viti 7 si watu 7. Kuna kula, kuugua, likizo, mafunzo, barabara iliyokatika. Kama masaa 30 kati ya 100 yanaenda hivyo, 7 gawanya kwa 0,7 ni 10. Na hiyo ni zamu moja tu. Usiku una hesabu yake.

Kamanyola iko kwenye barabara RN5 kati ya Bukavu na Uvira, karibu na mipaka ya Rwanda na Burundi. Hapa lugha nayo inaingia ndani ya hesabu: Kiswahili, Mashi, Kifuliiru, Kinyarwanda, Kirundi. Ukigawanya zile simu 30 kwa makundi mawili ya lugha, 15 na 15, kila kundi linahitaji watu 4 ili kufikia lile lengo la 80. Jumla ni 8, si 7. Afadhali watu wanaosema lugha mbili kuliko meza mbili.

Kosa baya zaidi halionekani kwenye tablo. Ofisi nyingi zinaandika simu zilizopokelewa tu. Zile zilizokatika hazimo, basi ripoti inaonyesha kila kitu ni sawa, na mwaka unaofuata wanabaki watu wanne. Kwa upande mwingine, mtu mmoja aliyeita mara tano anahesabiwa kama watano. Dawa ni kuhesabu namba tofauti zilizoingia katika kila nusu saa, zilizopokelewa na zilizokosa. Na karibu na mpaka simu inaweza kushika rezo ya Rwanda. Mara nyingi namba ya bure ya Kongo haipiti hapo, na haiachi alama yoyote.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika Uvira, ni usiku usioingia katika wastani wowote. Kwa siku kama hizo inafaa orodha ya watu wa akiba wanaokaa karibu, simu zao zikiwa na moto. Redio nayo ina sehemu yake: kabla ya kupitisha tangazo saa moja na nusu jioni, iulize kwanza kama ile meza haifungwi saa kumi na mbili.