Vitabu Kabla ya Mtambo: Wanakili wa Siyu na Lamu

Kutoka Kipini, Mto Tana unapoingia baharini, pwani inaelekea kaskazini mashariki hadi visiwa vya Lamu. Huko, katika karne ya 18 na ya 19, mji wa Siyu kisiwani Pate ulisifika kwa wanavyuoni na mafundi wake. Vitabu vilitengenezwa humo kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa.

Kazi ya mnakili
Karatasi ililetwa kwa vyombo kutoka ng'ambo, nyingine ikiwa imetengenezwa Italia. Misahafu ya Siyu inatambulika kwa nakshi zake za rangi nyeusi, nyekundu na manjano. Fundi wa ngozi alikitia kitabu jalada. Mwishoni mnakili aliandika jina lake, jina la babake na tarehe ya kumaliza kazi, kwa hiyo hata leo twaweza kumtambua.

Chapa na kalamu
Huko Unguja, Sultani Barghash (1870–1888) alianzisha kiwanda cha kupiga chapa vitabu vya Kiarabu. Hata hivyo kalamu haikuwekwa chini. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyezaliwa yapata 1855 na kufariki 1945, alikuwa mshairi, mchongaji na mnakili hodari. Alinakili tenzi za Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na nakala zake zimehifadhiwa London na Ujerumani.

Msahafu au utenzi wa mkono uliomo sandukuni nyumbani ni hazina ya pwani nzima. Tuukinge na unyevu na mchwa, tuwaonyeshe watoto wetu.