Vitanga vya Mizani

Warumi wa kale walikuwa na neno moja, lanx, kwa sinia lililopakuliwa chakula na kwa kile kisahani kinachoning'inia kwenye ncha ya mti wa mizani. Na mizani yenyewe, kwa kuwa ina visahani viwili, wakaiita bilanx, jina ambalo Waitalia hata leo hulitamka bilancia. Waswahili jina la kisahani hicho walilitoa mkononi, wakakiita kitanga, kama kiitwavyo kitanga cha mkono. Na Waarabu, ambao kwao tulilipokea neno mizani, nao hukiita kaffa, ndugu wa kaff, yaani kiganja. Kwangu mimi jina letu lina asili ya ndani zaidi, maadamu mwanadamu alipima kwa viganja vyake kabla chuma hakijafuliwa.

Katika mwambao huu wa kaskazini ya Dar es Salaam, mji ulioishi kwa kitanga ni Bagamoyo. Katika karne ya 19 misafara ya Ujiji na Tabora iliteremka hapo na pembe za ndovu mabegani mwa Wanyamwezi, na kutoka misitu ya karibu ikaja sandarusi iliyochimbwa ardhini. Na mali hiyo yote, iliyokuwa ikingoja kuvushwa kwa jahazi hadi Unguja, ilihesabiwa kwa frasila, yaani ratili 35, takribani kilo 16. Mzigo wa mpagazi aghalabu ulikuwa kama frasila mbili. Matajiri waliotayarisha misafara, na mashuhuri wao alikuwa Sewa Haji Paroo, walijua thamani ya kila ratili; walakini aliyeijua kwa mabega yake, kwa mwendo wa miezi mitatu au zaidi, ni yule mpagazi, ambaye taabu yake yote iliishia katika mtikisiko wa mti wa mizani uliokwisha kabla hajafuta jasho.

Ratili ilikuwa na wakia 16, na wakia moja ilikadiriwa kwa uzito wa reale ya fedha yenye sura ya Maria Theresa wa Austria, hata sarafu ile ile iliyolipia bidhaa ikaweza kutiwa kitangani kuipima. Neno wakia lilitujia kwa Kiarabu, lakini chimbuko lake ni uncia ya Kilatini; na ratili, iliyopitia Kiyunani, ni ya ukoo mmoja na libra, neno ambalo kwa Warumi lilikuwa ratili, na mizani, na zile nyota tuziitazo buruji ya Mizani. Basi mchuuzi wa Bagamoyo aliyedai wakia yake kamili alitumia neno lililokwisha kutumika katika masoko ya Roma.

Akidai haki yake, alikuwa na Kurani upande wake, maana sura ya 83, Al-Mutaffifin, imepewa jina la hao hao wanaopunja vipimo. Na washairi wetu, wenye kuchukia upungufu kama yeye, wameziita silabi za mshororo mizani: 8 za ukwapi, 8 za utao.

Mwaka 1891 Wajerumani waliyahamishia Dar es Salaam makao makuu ya utawala wao, na biashara ya Bagamoyo ikafifia. Karibu na nyumba kuukuu ya forodha, samaki leo hunadiwa ufukoni; na mama mkaanga samaki, kabla hajataja bei, humwinua kolekole kwa kitanga cha mkono wake, akanyamaza kidogo, akampima.