Kisu Mfukoni mwa Mwalimu

Nilipopokea mshahara wangu wa kwanza wa ualimu, mwaka 1972, nilinunua vitu viwili: saa ya mkononi na kisu kidogo cha kukunja. Saa haikumaliza miaka minne. Kisu nilikaa nacho miaka 37. Nilikitumia kuchonga penseli za watoto wa darasa la kwanza, kukata karatasi za manila za kutengenezea zana za kufundishia, kukaza skrubu za redio ya shule, na kumenya chungwa wakati wa mapumziko. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini ninatembea na kisu. Nilikuwa mwalimu, na hilo lilitosha.

Mwaka 1989 nilikuwa mkuu wa shule moja ya sekondari ya bweni. Jioni moja, katika upekuzi wa mabweni, viranja waliniletea kisu kilichokutwa sandukuni mwa kijana wa kidato cha pili. Kilikuwa cha kukunja, chenye mpini wa mti, na makali yake yalikuwa yamenolewa hadi kupungua upana. Sheria za shule zilikataza silaha. Nilimwita kijana ofisini, nikamwonyesha kisu, nikamwambia hii ni silaha. Akanitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mbona na wewe unacho?"

Nilikasirika. Swali lile nililihesabu kuwa utovu wa nidhamu, nikamsimamisha masomo wiki tatu badala ya moja niliyokuwa nimekusudia. Wiki tatu zilipokwisha alikuja baba yake, peke yake. Alinisalimu kwa heshima, akasema, "Mwalimu mkuu, nimekuja kuchukua kisu. Ni changu, nilimwazima akajifunzie likizo. Msimu wa kubebesha umeanza." Walikuwa watu wa machungwa. Kisu kile kilikuwa cha kukatia jicho la mchungwa mtamu na kulipachika kwenye mche wa mlimau. Nikamuuliza, na kijana je? Akajibu, "Yeye yuko kitaluni. Ameshaizoea kazi." Nikampa kisu, naye akaondoka. Kijana hakurudi shuleni.

Tangu siku ile swali la mtoto yule halijaniachia. Kwa nini chuma kile kile kiwe chombo mfukoni mwangu na silaha sandukuni mwake? Nimesoma hiki na kile kulitafutia jibu, na nimeona kwamba si yeye wa kwanza kuuliza.

Tuanzie kwenye kalamu. Babu yangu mzaa mama alikuwa mwalimu wa chuoni, na kalamu yake ilikuwa ya utete. Neno kalamu lenyewe, lililotufikia kutoka Kiarabu, asili yake ya kale ni utete. Utete hauandiki mpaka uchongwe ncha kwa mshazari na kupasuliwa katikati ili wino ushuke. Na ncha ikichakaa huchongwa upya. Kwa hiyo mwandishi asiye na kisu si mwandishi. Ulaya mambo yalikuwa vivyo hivyo, ila wao walichonga manyoya ya bata bukini. Hadi leo Waingereza hukiita kisu kidogo cha mfukoni kwa jina lenye maana ya kisu cha kalamu, ingawa kalamu za ncha ya chuma zilianza kuyaondoa manyoya yale mezani tangu karne ya 19. Kalamu ilibadilika, kisu kikabaki mfukoni.

Huko Uingereza mji wa visu ni Sheffield. Mshairi Geoffrey Chaucer, mwishoni mwa karne ya 14, alimtaja msaga nafaka aliyetembea na kisu cha Sheffield, maana yake wasomaji wake walikwisha kulijua jina hilo. Mwaka 1624 mafundi wa visu wa eneo lile walipata chama chao kwa sheria ya Bunge. Nchini Uswisi naye fundi Karl Elsener wa Ibach alianza mwaka 1891 kushiriki kulitengenezea jeshi la nchi yake visu vya kukunja. Askari wale walikuwa na bunduki tayari. Kisu walichopewa kilikuwa na makali mamoja, kifungulia makopo, msumari wa kutobolea, na bisibisi ya kufungulia bunduki wakati wa kuisafisha. Mwaka 1897 Elsener alisajili kisu cha maofisa, chenye hata kizibuo cha chupa za mvinyo. Hebu fikiri, msomaji wangu: kisu mashuhuri kuliko vyote kwa jina la jeshi kilibuniwa kwa chakula na matengenezo, wala si kwa vita.

Lakini kisu huua, na hakuna mtunga sheria anayeweza kujifanya halijui hilo. Sheria zetu wenyewe zilijibu kwa njia ya kuuliza. Kanuni ya Adhabu, iliyoanza kutumika Tanganyika mwaka 1930 na ambayo ni Sura ya 16 ya sheria za Tanzania, inamkataza mtu kutembea hadharani na silaha bila sababu halali na kwa namna ya kuwatia watu hofu. Tazama maneno hayo: sababu, na namna. Mmaasai aliyefunga sime kiunoni akichunga ng'ombe, mpasua samaki ufukoni, na muuza madafu mwenye panga barabarani, wote wana sababu inayoonekana na hawamtishi mtu. Mtu yule yule akilichomoa panga katikati ya ugomvi, namna imebadilika, na sheria inamkuta.

Waingereza waliongeza rula. Sheria yao ya mwaka 1953 ilikataza kuwa na silaha ya kudhuru hadharani bila idhini au sababu ya haki, na ya mwaka 1959 ikapiga marufuku utengenezaji na uuzaji wa visu vinavyofyatuka kwa kubonyezwa. Kisha sheria ya mwaka 1988 ikasema kwamba kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani kama sentimita 7.6, mtu aweza kukibeba bila kutoa maelezo. Kikizidi hapo, au kikiwa kisu cha kawaida kisichokunjika, lazima mwenyewe aeleze: ni kwa ajili ya kazi, au dini, au vazi la asili la taifa lake, au sababu nyingine njema. Mahakama zao zikaamua pia kwamba kisu kinachojifunga kikishakunjuliwa hakihesabiwi kuwa cha kukunja. Na hata kile kidogo, ukikibeba kwa nia ya kumjeruhi mtu, huwa silaha papo hapo.

Hawakuyaweka hayo kwa woga wa bure. Desemba 1995 Philip Lawrence, mwalimu mkuu wa shule moja ya London, alichomwa kisu nje ya lango la shule yake alipotoka kumwokoa mwanafunzi wake wa miaka 13 aliyekuwa akishambuliwa na kundi la vijana. Alifariki. Mwaka uliofuata sheria mpya iliingiza makosa ya visu ndani ya maeneo ya shule na kuwapa polisi uwezo wa kuingia humo kupekua. Niliposoma habari ile niliweka gazeti chini. Mimi pia nilikuwa mkuu wa shule. Sikuweza tena kusema kwamba upekuzi wetu ulikuwa upuuzi.

Ipo na sheria isiyouliza kabisa. Kabla ya Septemba 11, 2001, abiria wa ndege nchini Marekani waliruhusiwa kuwa na kisu chenye makali yasiyofika inchi 4. Baada ya siku ile ruhusa hiyo ilikwisha. Mwaka 2013 wakuu wa usalama wa safari huko walitangaza kurudisha visu vidogo vya kukunja, lakini wahudumu wa ndege na wengine wakapinga, na miezi michache baadaye mpango ukaachwa.

Mimi sheria hiyo ilinikuta mwaka 2009, nikienda kumtembelea binti yangu ng'ambo. Nilisahau kukitoa kisu mfukoni. Kijana wa ukaguzi aliniamkia, akakifungua, akakitazama. "Mzee, hiki cha nini?" Nikamwambia cha kumenyea machungwa. Akatabasamu kwa huzuni. "Naamini, mzee wangu. Lakini hapa hatuna nafasi ya kuamini mtu mmoja mmoja." Akakitia ndani ya boksi pamoja na mikasi na nyembe za watu wengine. Sikumlaumu. Nyuma yangu palikuwa na foleni ndefu, na ndege haingoji.

Nilipoketi ndani ya ndege ndipo nilipoliona kosa langu la mwaka 1989 lilikokuwa. Si kukichukua kisu. Bweni lenye watoto wengi, wenye hasira na utani wa ujana, si mahali pa kisu, na ningekichukua hata leo. Kosa ni kwamba nilifanya kama yule kijana wa uwanja wa ndege, bila kuwa na foleni yake. Mimi nilikuwa na jioni nzima, kiti cha ziada, na mtoto mmoja. Ningemwuliza kisu hiki cha nini, angenieleza habari ya michungwa, ningekiweka kabatini hadi likizo, naye angerudi darasani asubuhi. Yeye ndiye aliyeuliza, nami nikamwadhibu kwa kuuliza.

Sasa nina kisu kingine, kidogo kuliko kile. Nikienda shambani nakibeba. Nikienda mjini penye mkusanyiko nakiacha nyumbani. Walimu vijana wanaonijia kwa ushauri huwaambia wazifuate sheria za shule zao, wakipekue kila sanduku inapobidi. Ila kabla ya kuandika adhabu, wamwulize mtoto swali moja, kisha wanyamaze mpaka amalize kujibu.