Rangi Tuliyoambiwa Tuitafute

Historia ya kutibu mioyo ya watoto imeandikwa kwa rangi. Mwaka 1888 Arthur Fallot, daktari wa Marseille, aliuita ugonjwa aliokuwa akiuchambua "ugonjwa wa bluu". Zaidi ya nusu karne baadaye, magazeti ya Marekani yakajaa habari za "watoto wa bluu". Kwa mtoto mweupe sawa, unaiona mashavuni. Kwa mtoto wa Mafinga, ukisubiri mashavu yageuke bluu utasubiri sana. Inabidi umfunue mdomo, utazame ulimi na ufizi. Hilo ni jambo dogo, lakini kwangu mimi ndilo linaloeleza historia hii kwa upande wetu: upasuaji umefika Tanzania, kuutambua ugonjwa mapema bado kunasuasua.

Twende kwanza Baltimore, maana kule nako yote yalianza na kutazama. Helen Taussig, daktari wa watoto katika hospitali ya Johns Hopkins, alikuwa amepoteza uwezo wa kusikia. Hakuweza kutegemea masikio kusikiliza moyo, basi akajifunza kuusoma kwa viganja vya mikono. Aligundua kwamba baadhi ya watoto wa Fallot huzidiwa pale mshipa mdogo wa damu, ambao kila mtoto huzaliwa nao wazi, unapojifunga wenyewe. Akajiuliza, kwa nini tusiwatengenezee mwingine? Alimfuata Robert Gross wa Boston, aliyepata sifa mwaka 1938 kwa kuufunga mshipa huohuo kwa mtoto ambaye wake haukujifunga. Gross hakuvutiwa. Aliyekubali ni Alfred Blalock, na kazi ya kutafuta njia akaiachia fundi wake wa maabara, Vivien Thomas.

Huyu Thomas ndiye ninayempenda. Alikuwa Mmarekani mweusi, seremala kutoka Nashville, na akiba yake ya kusomea udaktari ilipotea benki zilipoanguka. Mafinga ni mji wa mbao. Huhitaji kumweleza mtu pale jinsi mkono wa seremala unavyojua vipimo. Tarehe 29 Novemba 1944, Blalock alipompasua Eileen Saxon, mtoto wa miezi 15 mwenye uzito wa kilo 4 tu na kitu, Thomas alisimama nyuma yake juu ya kistuli akimwelekeza. Eileen aliishi miezi michache tu. Waliomfuata waliishi zaidi.

Mashine ya kufanya kazi ya moyo wakati moyo wenyewe umesimamishwa ilifuata mwaka 1953, mikononi mwa John Gibbon. Mwaka huohuo kule Sweden, Inge Edler na Hellmuth Hertz waliazima chombo cha kiwanda cha meli cha Malmö, kilichotumika kutafuta nyufa ndani ya chuma, wakakielekeza kifuani. Hapo ndipo kilipozaliwa kipimo tunachokiita eko. Ukiniuliza, hiki ndicho kilichookoa watoto wengi kuliko kisu, kwa sababu bila picha mpasuaji anabahatisha.

Sisi tulikuwa wapi? Kwa miaka mingi mtoto wa Kitanzania mwenye tundu kwenye moyo alipelekwa India, kama serikali au wafadhili walimfikia. Wengine walikwenda Holon, Israel, kupitia shirika la Save a Child's Heart. Huko ndiko alikosomea Dkt. Godwin Godfrey, aliyerudi kuwapasua watoto nyumbani. Mei 2008 Muhimbili ilifanya upasuaji wake wa kwanza wa kufungua moyo. Mwaka 2015 ikasimama Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na kwa wazazi wengi safari ya India ikageuka kuwa safari ya Dar es Salaam. Si mchezo, hayo ni mabadiliko makubwa kwa muda mfupi.

Lakini kutoka Mafinga hadi Dar ni zaidi ya kilomita 500 za basi, na kabla ya basi kuna swali la nani atasema mtoto aende. Karibu mtoto mmoja katika kila 100 huzaliwa na kasoro ya moyo, nyingine ndogo na nyingine kubwa. Wengi hawana bluu yoyote. Mwenye tundu kubwa kati ya vyumba vya chini vya moyo huonekana wa kawaida, ila mapafu yake yamezidiwa na damu: anahema haraka, anakohoa, anarudiwa na nimonia. Na Mafinga, kwa baridi ile ya Juni na Julai, nani asiyekohoa? Anapewa dawa ya kifua, anapata nafuu, anarudi tena. Miaka ikipita, mishipa ya mapafu hukakamaa, na ikishafika hapo kuziba tundu hakusaidii tena.

Dalili iliyo wazi zaidi, naona, ni ile ambayo baridi ya Mufindi ingepaswa kuifanya ishangaze: mtoto amevalishwa kofia na sweta, kila mtu anatetemeka, naye akinyonya paji la uso linalowa jasho. Ananyonya kidogo, anaachia, anahema, anaanza upya. Kwa mtoto wa namna hii kunyonya ni kama kupanda mlima. Mama huliona jasho hilo kabla ya daktari yeyote, na mara nyingi hulitaja. Siku ya kliniki kadi nayo inaonyesha: mstari wa uzito unalala, mwezi wa pili, wa tatu, wa nne.