Swali Lililoanzia Magamba: Fizikia ya Kidato cha Tano na Sita Inadai Nini?

Ukitaja Magamba mbele ya mtu wa Lushoto, kitu cha kwanza kumjia kichwani ni baridi: ukungu wa Juni na Julai, msitu, na makoti mazito. Wachache hukumbuka kwamba jina la shule ya sekondari ya Magamba limetajwa katika jarida la fizikia linalosomwa duniani kote. Lilifika huko kwa sababu ya kijana wa kidato cha tatu aliyekuwa akitengeneza aiskrimu. Kwa kuwa mchango wa mwaka huu unaelekezwa kwenye maabara ya fizikia, tumeona vyema kuisimulia habari hiyo katika kijitabu hiki. Inaonyesha vizuri kile ambacho fizikia ya juu inamdai mwanafunzi, na kile inachotudai sisi tulio nje ya darasa.

Mwaka ulikuwa 1963. Tanganyika ilikuwa haijatimiza hata miaka miwili ya uhuru, na wanafunzi wa sekondari walikuwa bado wakifanya mtihani uliotungwa Cambridge, Uingereza. Pale Magamba vijana walikuwa na kawaida ya kujitengenezea aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakachanganya sukari, wakaacha yapoe, ndipo wakayaweka kwenye jokofu. Nafasi ndani ya jokofu ilikuwa ndogo na wagombeaji walikuwa wengi. Siku moja mwanafunzi aitwaye Erasto Mpemba aliona akisubiri maziwa yake yapoe atakosa nafasi, akayaingiza yakiwa ya moto. Mwenzake naye aliingiza maziwa ambayo hayakuchemshwa kabisa. Baada ya kama saa moja na nusu walipofungua, ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Alimuuliza mwalimu wa fizikia sababu. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Akanyamaza, lakini hakusahau. Baadaye rafiki yake aliyekuwa akifanya biashara ya aiskrimu Tanga mjini alimweleza kwamba wao huweka mchanganyiko ukiwa wa moto makusudi, ili ugande upesi.

Alipofaulu kidato cha nne alichaguliwa kwenda Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu. Huko walifundishwa kanuni ya Newton ya kupoa: kadiri kitu kinavyozidi kuwa cha moto kuliko hewa inayokizunguka, ndivyo kinavyopoa kwa kasi zaidi. Mpemba akauliza tena swali lake la maziwa. Jibu likawa lile lile, na safari hii likaja na mzaha: hiyo ilikuwa fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu hapo, kila alipokosea hesabu, wenzake walimwambia hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Tusimlaumu mwalimu upesi. Kwa kanuni aliyokuwa akiifundisha, hoja yake ilikuwa na nguvu. Chukueni watu wawili wanaopanda kuja Lushoto kwa mwendo mmoja, mmoja akianzia Mombo na mwingine Soni. Wa Mombo lazima kwanza afike Soni, na akifika atakuta mwenzake ameshaondoka. Vivyo hivyo, maji ya nyuzi 100 lazima kwanza yashuke hadi nyuzi 35, na wakati huo yale yaliyoanza kwenye nyuzi 35 yameshatangulia. Yatayapitaje? Hoja hii ina tundu moja tu. Inachukulia kwamba maji ya moto yakifika nyuzi 35 yatakuwa sawa kabisa na yale mengine. Lakini njiani baadhi yamegeuka mvuke, hewa iliyoyeyuka ndani yake imetoka, na namna yanavyozunguka chomboni imebadilika. Kuujua ukweli kwa kufikiri tu hakuwezekani. Lazima upime.

Ndivyo Mpemba alivyofanya. Alasiri moja alikuta maabara ya biolojia iko wazi. Akachukua bika mbili za sentimita za ujazo 50, moja akaijaza maji ya bomba na nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye sehemu ya kugandisha ya jokofu. Baada ya saa moja maji yalikuwa hayajaganda yote, ila barafu ilikuwa nyingi zaidi kwenye bika iliyoanza na maji ya moto. Yeye mwenyewe aliona kwamba hilo halitoshi kuwa ushahidi, akakusudia kurudia.

Kisha Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, akafika Mkwawa kuzungumza na wanafunzi. Baada ya mazungumzo Mpemba alisimama akauliza kwa nini maji ya nyuzi 100 huganda kabla ya yale ya nyuzi 35. Wenzake waliona ameiaibisha shule. Osborne alimuuliza kama kweli amelijaribu jambo hilo. Alipoambiwa ndiyo, alisema hajui sababu, akaahidi kwamba atalijaribu akirudi Dar es Salaam. Alitimiza ahadi yake. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la Uingereza liitwalo Physics Education. Mpemba alieleza mwenyewe yaliyompata Magamba na Mkwawa, na Osborne akaeleza vipimo. Tangu hapo jambo hilo linaitwa duniani kwa jina la Mpemba.

Mjadala haujafungwa. Mwaka 2012 chama cha wanakemia wa Uingereza kilitangaza shindano la kutafuta maelezo bora, na majibu zaidi ya 20,000 yakafika. Mwaka 2016 watafiti wengine waliandika kwamba walipopima kwa uangalifu hawakuliona jambo lenyewe. Hilo halimpunguzii Mpemba heshima. Watu wenye maabara kubwa bado wanahangaika na swali la kijana wa Magamba, na wanahangaika nalo kwa njia ile ile aliyoitumia yeye: bika mbili, kipimajoto na saa.

Mitihani yenyewe imepita mikono mingi tangu siku zile. Tulitoka Cambridge, tukaingia Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, Tanzania ikajitoa mwaka 1971, na mwaka 1973 sheria ikaunda Baraza la Mitihani la Taifa. Mikono imebadilika, lakini kupima kumebaki. Mwanafunzi wa fizikia wa kidato cha sita hufanya karatasi mbili za nadharia na moja ya vitendo. Katika ile ya vitendo hukutana na maswali ya mekanika, ya joto na ya umeme. Swali la joto mara nyingi humtaka apime jinsi maji yanavyopoa ndani ya kalorimita, achore grafu, na aseme kipimo chake kina kosa kiasi gani. Ni kanuni ile ile ya Newton aliyofundishwa Mpemba. Mwanafunzi ambaye hajawahi kushika kalorimita hawezi kuijifunza siku ya mtihani.

Hapo ndipo vijana wetu wanapokwama. Wanaingia tahasusi za PCM, PCB na PGM wakiwa wamekariri kanuni vizuri, lakini jaribio wameliona ubaoni tu, limechorwa kwa chaki. Mwalimu mwenye bidii asiye na vifaa hana njia ya kumjibu mwanafunzi mwenye swali gumu. Hawezi kumwambia twende tukapime. Atabaki kumwambia haiwezekani.

Wapo watakaouliza kama inafaa kutumia fedha zetu kwa wanafunzi wachache wa fizikia. Tukumbuke kwamba Mpemba hakuwa mwanafizikia. Alikwenda kusomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka, Moshi. Tabia ya kutazama, kupima na kutoona haya kuuliza humfaa mganga, fundi umeme, bwana shamba, hata mfanyabiashara wa viazi anayetaka kujua kwa nini mzigo wake unaharibika kabla ya kufika Kariakoo.

Kwa hiyo, ndugu zetu mlioko Dar es Salaam, Tanga, Arusha na nchi za nje, bahasha iliyomo ndani ya kijitabu hiki ni ya meza za maabara, tangi la maji, vipimajoto, saa za kupimia, kalorimita, mizani, waya na betri. Hakuna kifaa hapo kisicho na kazi katika mtihani wa vitendo, na orodha ya manunuzi itasomwa hadharani kwenye mkutano wa mwaka. Mwenye uwezo wa kununua kipimajoto kimoja anunue kimoja. Mwalimu wa fizikia aliyestaafu na akawa tayari kuja likizo kuwasaidia vijana, mchango wake tutauhesabu sawa na wa fedha. Maswali kwetu hayajawahi kukosekana. Tuwape watoto mahali pa kuyapimia.