Boriti za Langoni na Msitu Usio Mtupu

Tarehe 3 Mei 2000, mara tu serikali ya Marekani ilipoacha kuvuruga kwa makusudi ishara za GPS wanazozipata raia, Dave Ulmer alificha ndoo porini karibu na Beavercreek, jimboni Oregon, akatangaza vipimo vya mahali ilipo, watu wakaenda kuitafuta. Ndivyo ulivyoanza mchezo wa jiokachingi, ambao sasa una wafuasi duniani kote, baadhi yao wakipenda matembezi mepesi ya kwenye hifadhi za ardhi oevu. Mchezo wenyewe hauna ubaya. Ila umejengwa juu ya dhana kwamba mahali ni jozi ya nambari, na kwamba kinamasi ni uwanja mtupu unaomngoja mgeni aje agundue kitu. Dhana hiyo ikifika kwenye mikoko ya Lamu inakwama matopeni. Msitu ule, ambao ni zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, haukuwa mtupu kwa karne nyingi. Ulikuwa mahali pa kazi, na ushahidi wake wa kwanza hauko msituni bali mjini.

Mtaa wa Langoni, upande wa kusini wa mji wa Lamu, nje unajulikana kwa Msikiti wa Riyadha wa Habib Swaleh na kwa Maulidi yanayojaza vichochoro vyake kila mwaka. Waandishi wa historia ya majengo huupita haraka wakielekea mtaa wa Mkomani wenye majumba ya mawe. Wana sababu: kwa muda mrefu sehemu kubwa ya Langoni ilikuwa nyumba za udongo na makuti, na nyumba za namna hiyo hazikawii kutoweka. Lakini tuzitazame nyumba hizo mbili kwa jicho la aliyezitafutia miti. Mkomani, vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko, ikishabebeshwa dari zito la mawe na chokaa, haivuki salama upana wa kama mita tatu. Mti ndio uliompimia tajiri ukumbi wake. Langoni, nguzo zilisimikwa ardhini, fito zikafungwa, udongo ukakandikwa, na juu yake zikapangwa pau za kubeba makuti. Kuta ziliwatenganisha wenyeji kwa mali na kwa nasaba, na mgawanyiko huo si wa kufanyiwa mzaha, ila miti ya nyumba zote mbili ilitoka kwenye matope yale yale.

Biashara hiyo haikuishia ufukweni. Mitepe, vyombo vya kushonwa kwa kamba vya visiwa hivi, ilibeba boriti hadi Mombasa na Unguja. Majahazi ya Kiarabu na Kiajemi yakazipeleka Ghuba, ambako miti mirefu ni adimu, na huko nako vyumba vikajengwa kwa upana wa mkoko. Mwaka 1939 Mwaustralia Alan Villiers alikuwa ndani ya jahazi la Kuwait lililoingia delta ya Rufiji kupakia shehena ya namna hiyo, na masimulizi yake yanaonyesha jinsi kazi ile ilivyokuwa ngumu. Lamu, miti ilihesabiwa kwa korija, ishirini ishirini, na kupangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kisha vigingi na banaa. Mpangilio huu una maana kubwa. Soko linalodai unene saba tofauti linamlazimisha mkataji kuchagua mti mmoja mmoja, na kujua ni hori gani lina mkoko wa boriti, wapi mkandaa umekaa vizuri kwa fito, na ni siku ngapi za bamvua zitamwezesha kuingia na chombo kitupu na kutoka nacho kimejaa. Maji mafu yakimkuta ndani, shehena inalala hapo hapo. Nambari za GPS zingemwonyesha alipo; zisingemwambia kama atatoka.

Kuna watakaosema kwamba ninawapamba wakataji, kwamba historia yao ni ya uharibifu, na kwamba bila sheria mikoko isingebaki. Hoja hii ina uzito. Serikali ya kikoloni iliitangaza mikoko kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932, na mwaka 1982 Kenya ikapiga marufuku kuisafirisha nje, baada ya miaka mingi ya kukata kupita kiasi kwa ajili ya masoko ya mbali. Miti ya unene unaopendwa ilipungua sehemu nyingi, na hakuna ujuzi wa kupanga korija unaoweza kulificha hilo. Lakini ujuzi wa kuchagua ni jambo moja, na idadi inayodaiwa na soko la ng'ambo ni jambo jingine. Marufuku ya Februari 2018 ya kukata miti katika misitu ya umma, iliyotokana hasa na hofu juu ya vyanzo vya maji vya bara, iliwakumba hata wakata mikoko wa Lamu, kana kwamba hori na mlima ni kitu kimoja. Huko ni kutawala msitu bila kuwauliza wanaoufahamu. Na wanaosema kwamba wenyeji hawaujali waende Mtangawanda, kisiwani Pate, wakaone mikoko iliyopandwa na wanawake.

Mwingine atauliza: matembezi ya utalii yana uhusiano gani na haya yote? Yanao, kwa kuwa yameshaanza zamani. Magofu ya Takwa kisiwani Manda, yaliyochimbuliwa na James Kirkman mwaka 1951, hufikiwa na wageni wengi kwa mashua kupitia hori la mikoko, maji yakiwa yamejaa. Anayechelewa huburura miguu topeni. Hapo mgeni tayari anatumia ratiba ya mkata boriti, ingawa hakuna kibao kinachomweleza. Basi wanaopanga vijia, madaraja ya mbao au visanduku vya kusaka kwenye mikoko ya Lamu waanze kwa kuwaajiri wakataji wa zamani wa Langoni, Pate na Faza, wawalipe kama wataalamu, na wawaachie wao kuamua kijia kipite wapi na kifungwe lini.